Hewa Iwakayo Itokayo Majini

Mvuvi wa Rukuba apitapo penye mafunjo pengine huona mapovu yakipanda kutoka topeni. Ndani yake mna hewa iitwayo methani, nayo huwaka moto. Aliyesikia habari za Ziwa Kivu aweza kuuliza: je, ziwa letu nalo laweza kulipuka? Yafaa tueleze.

Methani hufanyizwa kwa hewa ya ukaa, ile tuitoayo tukipumua, pamoja na haidrojini. Walakini hewa hizi zikichanganywa hivi hivi hazishikani. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens, walizipitisha juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto. Juu ya nikeli haidrojini hugawanyika chembe chembe. Nyingine huichukua oksijini na kuwa maji, nyingine huushika ukaa na kuwa methani. Kipimo kimoja cha hewa ya ukaa hutaka vipimo vinne vya haidrojini. Hewa ya sumu ya jiko la makaa nayo hugeuka vivyo hivyo, kwa vipimo vitatu. Nikeli yenyewe haipungui. Ni kama mshenga, huozesha watu asioe yeye. Kitu cha namna hii twakiita kichocheo.

Ziwani hamna tanuru. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vikaavyo katika tope lisilo na oksijini. Vingine hutumia hewa ya ukaa na haidrojini, vingine hutumia mabaki ya vitu vilivyooza. Na ajabu ni kwamba kichocheo kilichomo miilini mwao nacho kina nikeli.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Kwa hiyo methani imelimbikana humo, yapata mita za ujazo bilioni 60, na hewa ya ukaa nyingi zaidi. Rwanda yafua umeme kwa methani hiyo. Hatari ipo pia: mwaka 1986 hewa ya ukaa ilifumka katika Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700.

Ziwa Viktoria lina kina cha mita 80 tu hivi, na pepo za kila mwaka huyakoroga maji yake. Hewa hutoka kidogo kidogo, haipati ghala. Basi mvuvi wa Rukuba na aogope dhoruba; mapovu ya mafunjoni hayana neno.