Moyo Ulioota Sugu

Msomaji wa Morogoro ameniachia swali lililonikalisha wiki nzima. Mama yake alipimwa eko, akaambiwa moyo umenenepa kwa sababu ya presha. "Sasa dada," anauliza, "msuli ukinenepa si ndiyo nguvu? Mbona mabondia hatuwaonei huruma?"

Zile namba mbili za presha nazipita. Kila aliyewahi kufungwa ule mkanda wa mkononi anazijua. Hata kunenepa kwenyewe si ajabu. Chumba cha chini cha kushoto husukuma damu mara 100,000 hivi kwa siku. Kikikuta njia imebana, seli zake za misuli huongeza nyuzi mpya ubavuni mwa zile za zamani. Ukuta ambao kwa kawaida hauzidi milimita 10 hivi unanenepa, mzigo unagawanywa. Hadi hapo msomaji wangu yuko sahihi.

Shida iko kwa majirani. Katikati ya misuli wanaishi mafundi wadogo, faibroblasti, wanaosuka kolajeni, protini ileile inayogandisha supu ya kongoro ikipoa. Presha ikidumu miaka, mafundi hawa hugeuka: wanaota nyuzi za kuvutia, wanasuka bila kupumzika. Mojawapo ya amri kuu wanazotii ni kemikali iitwayo TGF-beta. Na hapa ndipo utamu ulipo, maana shehena ya amri hiyo imehifadhiwa palepale, ndani ya vifuko vya protini vilivyoshikizwa kwenye utando unaozizunguka seli.

Fikiria bibi aliyefunga noti kwenye pindo la kanga. Kanga ikiwa imetupwa legelege juu ya kitanda, mjukuu mtundu akivuta fundo, kanga nzima inamfuata na fundo halifunguki. Lakini bibi akiwa ameikalia, imekazana, mvuto uleule unalifungua na noti zinadondoka. Seli ya fundi nayo inakishika kifuko na kukivuta. Utando laini unaifuata, amri inabaki ndani. Utando uliokaza haufuati. Kifuko kinapanuka, amri inatoka, kolajeni inaongezeka, utando unazidi kukaza, na mvuto unaofuata unafungua mafundo mengi zaidi. Ni kama mjukuu anayenunua kamba kwa noti za bibi, kisha anaitumia kamba hiyohiyo kuikaza kanga! Mwaka 2007 mtafiti Boris Hinz na wenzake waliuonyesha mchezo huu. Kwa seli za maabara, si kwa moyo wa mgonjwa, ila tusikwame hapo.

Tuuiteje sasa? Madaktari husema faibrosisi. "Kovu" linanikera, kwa kuwa kovu hutanguliwa na jeraha, na hapa mara nyingi jeraha halikuwepo. "Moyo mgumu" tumeshampa Farao. "Moyo mkakamavu" ni sifa ya askari wa gwaride. Mimi nasema moyo umeota sugu, kama kiganja cha mshika jembe: kubanwa kila siku, pasipo kidonda. Daktari wa ngozi atanisuta kwamba sugu ya kiganja haitokani na kolajeni. Anisute.

Moyo wenye sugu unaweza kukaza vizuri tu. Unachoshindwa ni kulegea. Damu itokayo mapafuni inakuta chumba kisichotanuka, inarundikana nyuma, na mama anahema akipanda ngazi. Bondia ana kengele ya raundi; presha haina kengele.

Mwambie mama atazame pakiti ya dawa zake. Jina likiishia na -pril, kama lisinopril, au -sartan, kama losartan, dawa hiyo huzuia kazi ya anjiotensini, homoni inayobana mishipa na papo hapo kuwachochea mafundi wetu. Kwa baadhi ya wagonjwa waliochunguzwa, kolajeni ya moyo ilipungua. Na kama tangu aanze ile ya -pril anasumbuliwa na kikohozi kikavu, amweleze daktari, abadilishiwe. Asiitupe tu chini ya godoro.