Futa Kwanza, Ndipo Uandike

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: ofisini kwao kuna programu ya stoo inayofunguka kwenye kivinjari. Haina nywila, kwa hiyo yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi anaona kila kitu na kufuta apendacho. Aliyeiandika alishaondoka, na hakuna anayethubutu kugusa msimbo wake. Je, yawezekana kuiwekea ukaguzi wa watumiaji bila kubadili hata mstari mmoja?

Yawezekana. Nywila ni nini na kwa nini isiwe 123456, hayo mmeshahubiriwa vya kutosha. Mimi nataka tuingie moja kwa moja kwenye proksi pokezi. Wengine huiita proksi ya kinyume, jina linalonikera, maana hakuna kinachorudi nyuma. Proksi ya kawaida humsemea anayeomba. Hii hukaa upande wa anayeombwa na kupokea kila ombi kabla halijamfikia. Basi ni pokezi, mpaka BAKITA waseme vingine.

Ichukulie kama posa. Mshenga haleti barua mkononi mwa binti. Inapokewa na mzee wa upande wa kike, barazani. Binti ndiye hiyo programu ya stoo: yuko ndani, na hajui kuchunguza wageni. Mzee, mara nyingi, ni Nginx, kazi ya Igor Sysoev iliyotolewa kwa umma mwaka 2004.

Hapo ndipo raha yangu inapoanza, kwa sababu mzee mwenyewe si lazima amjue mtu yeyote. Kwa moduli iitwayo auth_request, kila barua ikifika anaiweka kando na kumtuma mtoto kwa mjomba, nyumba ya pili: “Huyu unamjua?” Mjomba ni programu nyingine kabisa, kwa mfano Authelia au oauth2-proxy. Naye hahutubu, anajibu kwa nambari tu. Kuanzia 200 hadi 299: apite. Akisema 401: simjui, ajitambulishe kwanza. Akisema 403: hapana. Akijibu kingine chochote, mzee anahesabu kwamba huko kwa mjomba kumeharibika kitu, na barua haiendi ndani.

Tena anauliza kila mara. HTTP haina kumbukumbu: ukurasa wenye picha 40 huweza kuwa barua 41, na mtoto akaenda kwa mjomba mara 41. Kinachomwokoa mjomba asidai nywila kila safari ni kuki iliyomo ndani ya barua, ambayo aliitoa mwenyewe siku mtu alipojitambulisha.

Mjomba akiridhia, mzee anaandika jina la mleta barua pambizoni, kisha anaipeleka ndani. Pambizo hiyo ndiyo heda. Grafana, kwa mfano, ukiiweka katika hali ya kuitegemea proksi, husoma jina kwenye heda X-WEBAUTH-USER na kuliamini bila kudai nywila. Binti anaamini mwandiko wa pambizoni, basi.

Sasa mfikirie karani mwenye hila. Mjomba anamjua, hivyo kupita atapita. Lakini barua yake imekuja tayari na maneno pambizoni: “Huyu ni meneja.” Mzee asipofuta kabla ya kuandika, binti atasoma majina mawili, na huenda akashika lile la uongo.

Hata kufuta kuna mtego wake. Kwa desturi ya zamani ya CGI, ambayo lugha nyingi za programu zimeirithi, heda ikiingia ndani hugeuzwa herufi kubwa, kila kistari kinakuwa kistari cha chini, na mbele huwekwa HTTP_. Hivyo X-Auth-User inakuwa HTTP_X_AUTH_USER. Lakini X-Auth_User nayo inakuwa HTTP_X_AUTH_USER! Barazani ni majina mawili, ndani ni jina moja. Mzee anafuta la kwanza kwa bidii zote, la pili linapita mbele ya macho yake. Januari 2015 Django, mfumo wa kuundia tovuti, ilitoa marekebisho ya kasoro hiihii katika seva yake ya majaribio. Nginx, usipoiamuru vinginevyo, huzitupa kimyakimya heda zenye kistari cha chini. Wanaolalamika kwamba heda zao zimepotea wanaulalamikia ulinzi wenyewe.

Kwa hiyo kuuliza ni nusu ya kazi. Uhodari wa mzee uko kwenye ufutio.

Yaliyobaki nayataja mbiombio. Wekeni TLS, barua zisisomwe njiani. Suala la kutoka kwenye akaunti, na la nani aruhusiwe kufuta nini ndani ya stoo, proksi peke yake haiyamalizi. Na programu isikilize 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya seva yenyewe, la sivyo mleta barua ataingilia uani.

Mkishaisimika, ijaribuni. Mkiwa kwenye kompyuta nyingine, andikeni anwani ya seva pamoja na poti ya programu yenyewe. Ikifunguka, proksi yenu ni pambo. Kama programu husoma majina, ingieni kwa akaunti ya karani, kisha tumeni kwa curl heda yenye jina la meneja, mara moja kwa kistari, mara moja kwa kistari cha chini. Ikiwaitikia kama meneja, rudini kwenye faili la usanidi kabla hamjamtangazia mtu kwamba stoo sasa ina ulinzi.