Kutu Haifichwi kwa Rangi

Wengi wenu mmetuuliza kama inafaa kununua gari kuukuu la mizigo na kulitengeneza nyumbani. Jibu letu ni hili: inawezekana, lakini msianze na rangi. Sisi tulianza na rangi, tukajuta.

Gari letu ni vani ya zamani, ile iliyofungwa nyuma kama sanduku. Lilikuwa limesimama chini ya mwembe miaka mingi. Tulichanga pesa tukalinunua ili tupeleke mboga sokoni. Kwa furaha tukalipaka rangi mpya ya buluu. Mvua ya masika ilipokwisha, rangi ilikuwa imefura kama andazi. Ukiigusa, inabanduka pamoja na vipande vya bati! Jasho la wanachama likaenda hivyo.

Kutu ni nini? Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka, kikawa ule unga mwekundu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana magari ya Pwani huliwa upesi. Kutu ikiachwa chini ya rangi hushika unyevu na kuendelea kula, nawe huioni.

Basi fuateni hatua hizi:

1. Kagueni mifupa kabla ya kununua. Laleni chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi, mgongegonge chesisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hulia kizito, na bisibisi huzama ndani. Angalieni sana pale springi zinapofungwa, na chini ya milango. Msidanganywe na bodi nzuri: bodi ya Land Rover za zamani kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, lakini chesisi ni ya chuma na huoza. Chesisi ikiwa imeoza pahali pengi, achaneni na gari hilo. Linaweza kukatika njiani na mzigo, likaua watu.

2. Jilindeni. Jeki peke yake haitoshi. Wekeni stendi imara na mawe kwenye magurudumu. Kabla ya kuchomelea, ng'oeni nyaya za betri na muondoe tangi la petroli. Hata tangi tupu hulipuka kwa sababu ya mvuke uliobaki. Vaeni miwani na mfunike pua, kwa maana rangi ya zamani inaweza kuwa na sumu ya risasi. Watoto wakae mbali.

3. Ondoeni kutu yote. Tumieni brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Palipotoboka, kateni mpaka mfikie bati zima, kisha fundi wa kuchomelea atie kiraka. Fila ni ya kusawazisha mabonde madogo, si ya kuziba mashimo.

4. Pakeni siku hiyo hiyo. Umande wa usiku mmoja tu unatosha kurudisha kutu. Pangusa kwa thina, pakeni redi oksaidi, ikikauka mtie rangi ya juu mara mbili.

5. Zibueni matundu ya maji chini ya milango. Yamewekwa ili maji yatoke. Yakijaa matope, mlango huoza kutoka ndani.

Kazi ya brashi tuliifanya wenyewe kwa zamu, kila Jumamosi baada ya shamba. Pesa kidogo tuliyobaki nayo tukamlipa fundi wa kuchomelea. Breki na usukani hatukugusa. Hiyo tulimwachia mekanika. Kumbukeni pia kwamba gari la biashara sharti lipelekwe kukaguliwa.

Siku hizi, kila baada ya mvua, mmoja wetu huosha matope chini ya gari na kutafuta alama mpya za kutu. Ni kazi ya nusu saa tu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshaujenga mara moja, na gharama yake tunaijua.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.