Kabla ya kung'oa nanga kwenda kusini

Kila Oktoba, kwenye bandari ndogo za Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, utakuta watu wanaofunga nyumba na kuhamia majini. Wengi ni wastaafu, mume na mke, wenye mashua za matanga za mita 10 hadi 15. Wanakwenda Florida au visiwa vya Bahamas kuikimbia baridi, na hawarudi hadi Aprili au Mei. Maandalizi yao huelekezwa karibu yote kwenye mashua. Kwa maoni yangu nyumba inayobaki nyuma inastahili muda uleule, kwa sababu ndiyo inayoweza kumlazimisha nahodha kuondoka siku ambayo bahari inamkataza.

Nafasi yenyewe ya kuondoka ni finyu. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na bima nyingi za mashua haziruhusu chombo kushuka kusini mwa mstari fulani kabla ya Novemba. Ukikawia sana, baridi ya Virginia na North Carolina inakukuta njiani. Njia ya ndani, ya mito na mifereji iliyounganishwa, huanza kuhesabiwa Norfolk, Virginia, na kutoka hapo hadi Miami ni kama kilomita 1,750. Mashua inayokwenda kwa injini hufanya kilomita 10 au 11 kwa saa, na mchana wa Novemba ni mfupi. Hiyo ni safari ya mwezi mzima, pengine zaidi. Mengi ya madaraja yasiyofunguka yana kimo cha karibu mita 20, ila lipo moja pale Miami lenye mita 17 tu; mwenye mlingoti mrefu hana budi kutoka kwenda bahari kuu kabla hajalifikia.

Msomaji wa Lamu au Unguja anajua maana ya kungojea pepo. Lakini kaskazi ikishaingia hutulia kwa miezi. Florida wakati wa baridi upepo hugeuka kila baada ya siku chache, kila hewa baridi inaposhuka kutoka bara, na hapo ndipo penye hatari ya kweli. Kutoka pwani ya Florida hadi Bimini ni kama kilomita 80, mwendo wa mchana mmoja, lakini katikati unapita Mkondo wa Ghuba ukielekea kaskazini kwa kilomita 5 au 6 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Upepo wa kaskazini ukikutana na mkondo huo uso kwa uso, mawimbi husimama wima, yakawa mafupi na yenye kuvunjika. Mwenye subira hukaa nangani, hata wiki mbili, hadi upepo uhamie kusini. Anayevuka siku mbaya mara nyingi ni mwenye miadi: wageni wanaotua kesho, au simu ya jirani kwamba maji yanatiririka sebuleni.

Kwa hiyo tuanze na maji ya nyumbani. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyapeleka, hupasuka. Madhara huja barafu inapoyeyuka, maji yanapomwagika siku nzima bila mtu wa kuyafunga. Funga valvu kuu, fungua bomba zote zimwage kilichobaki, kisha acha joto la nyumba kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Halafu soma mkataba wa bima ya nyumba, neno kwa neno. Mikataba mingi hupunguza au kuondoa fidia nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60, jambo ambalo watu hulijua baada ya hasara. Mwambie wakala wako mapema, na umpe mtu unayemwamini ufunguo, namba ya fundi bomba, na ruhusa ya kumwita bila kukuuliza.

Barua zinataka mpango pia, kwani posta ya Marekani huzishikilia kwa siku 30 tu. Zaidi ya hapo utahitaji huduma ya kuzipokea na kukutumia. Omba dawa za miezi mitatu. Na kwa wazee, hili ni zito: bima ya Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani, na Bahamas ni nchi nyingine.

Sasa mashua. Kama ningepewa siku moja tu ya kuikagua, ningeanza na dizeli. Mafuta yaliyokaa tangini majira yote ya joto hukusanya maji na tope chini, na mtoni hayo hayakusumbui. Mawimbi ya kwanza ya bahari huyakoroga yote, chujio linaziba, injini inazimika mlangoni mwa bahari, mahali ambapo unaihitaji kuliko popote. Safisha tangi, beba machujio ya kutosha, na ubadilishe moja kwa mikono yako ukiwa ungali gatini. Beba pia gurudumu la mpira la pampu ya maji ya kupozea injini. Ni kitu kidogo, na kikikatika injini huchemka. Angalia kila mpira wa maji unaopita kwenye tundu la chini ya mstari wa maji, kisha jaribu pampu ya ngama kwa kumwaga maji ndani, usiridhike na kusikia ikinguruma.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Jikoni kwako ikivuja inaweza kutokea mlangoni. Ndani ya mashua hushuka hadi ngamani na kungoja cheche. Mtungi ukae kwenye sanduku lake lenye tundu la kutokea nje. Chumbani weka kengele ya monoksidi ya kaboni, hasa kama utawasha hita usiku.

Jambo moja hupuuzwa kwa sababu ya heshima za ndoa. Katika mashua ya watu wawili, mara nyingi mmoja ndiye anayejua kila kitu. Siku akianguka au kuugua, mwenzake lazima aweze kuwasha injini, kushusha nanga na kuita msaada kwenye chaneli 16 ya redio ya VHF. Fanyeni mazoezi hayo kabla ya kuondoka, na yule mjuzi anyamaze.

Nawe uliyealikwa kwenda kuwatembelea, mchagulie mwenyeji wako mahali au tarehe, usimpangie vyote viwili, na kata tiketi inayoweza kubadilishwa.