Kengele ya Pipa: Namna ya Kuzuia Maji Kumwagika Usiku

Hapa Uvira tumezoea maji ya robine kuja kwa saa yake yenyewe, na mara nyingi saa hiyo ni usiku. Mama anaacha robine wazi juu ya pipa, anasema atasikia yakianza kuanguka. Usingizi unamchukua. Asubuhi kiwanja kizima ni matope, na robine imekauka tena.

Tuhesabu kidogo. Robine inayojaza bidoni ya litre 20 kwa dakika mbili inatoa litre 10 kila dakika. Ikimwagika nusu saa baada ya pipa kujaa, litre 300 zimekwenda, ndiyo bidoni 15. Wakati huo jirani ambaye presha haimfikii anamtuma binti yake ziwani.

Nasi tunajua kinachotoka na maji ya ziwa. Watafiti walichunguza hesabu za wagonjwa wa hapa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, wakaandika mwaka 2015 kwamba karibu mmoja kati ya wanne waliodhaniwa kuwa na kipindupindu alihusiana na kukatika kwa maji ya robine. Kengele tunayoieleza haitatengeneza mabomba ya Regideso, tusidanganyane. Inalinda tu yale yaliyokwisha kufika nyumbani.

Kazi yake ni hivi. Maji yetu yana chumvichumvi, kwa hiyo yanapitisha umeme kidogo sana. Waya mbili zinaning'inia ndani ya pipa, vidole vinne chini ya ukingo, bila kugusana. Maji yakizifikia zote mbili, umeme huo mdogo unavuka na kufungua transista, ambayo ni kama mlinzi wa mlango: anaguswa kidogo, anaachilia umeme mkubwa zaidi. Hapo kengele inalia.

Vinavyohitajika ni batri ya volti 9, kengele ndogo ya batri, transista ya aina ya BC547 na rezista moja ya kilo-omu 1. Waya ya kwanza ya majini inatoka chanya ya batri. Ya pili inapita kwenye rezista hadi mguu wa katikati wa transista. Ukiutazama uso wake bapa, miguu ikielekea chini, mguu wa kulia unakwenda hasi ya batri, na wa kushoto unakwenda kwenye hasi ya kengele. Chanya ya kengele inarudi kwenye chanya ya batri. Fundi yeyote wa redio anaijua kazi hii. Akitumia transista ya redio mbovu, apime miguu kwanza, maana mpangilio si mmoja kwa aina zote.

Batri tu, ndugu! Umeme wa SNEL usikaribie pipa hata kidogo. Risasi ya kuunganishia nayo ina sumu, basi viungo vyote vibaki nje ya maji, na ncha zinazozama ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Na kama robine yenyewe inadondosha, tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, zaidi ya litre 4. Hapo kengele haisaidii. Kinachotakiwa ni kipira kipya, na kibadilishwe kabla ya kununua batri.