Kimo, Urefu na Nguvu: Istilahi za Kuongeza Kadi ya Michoro katika Kompyuta Ndogo

1. Utangulizi

Tangu kompyuta ilipoingia katika ofisi na shule zetu, mjadala wa istilahi zake umeelemea zaidi upande wa majina ya vitu. Tumeulizana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mjadala huo una faida yake, lakini umetusahaulisha upande wa pili wa kazi, yaani maneno ya kutajia vipimo na sifa za vitu hivyo. Maneno hayo twadhani tunayo tayari, kwa kuwa ni ya kila siku: urefu, ufupi, ukubwa, nguvu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba hayo ndiyo yanayomponza mtumiaji, na kwamba dawa yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Mfano wetu ni kazi moja ya kiufundi, nayo ni kutia kadi kubwa zaidi ya michoro katika kompyuta ndogo ya mezani iliyoundwa tayari kiwandani. Kadi ya michoro ni kifaa kinachotayarisha picha zinazoonekana katika skrini. Mwalimu anayehariri filamu za masomo, au mchoraji wa ramani za majengo, aweza kuihitaji. Katika kasha kubwa, maelezo yenye kasoro huenda yasilete madhara. Katika kasha dogo, neno moja lisilo wazi latosha kuleta kadi isiyoingia, na fedha za umma zikawa zimepotea.

2. Sipiyu ni nini?

Yafaa kwanza tuondoe utata wa jina moja. Watumiaji wengi huliita kasha zima la kompyuta "sipiyu". Kwa fundi, sipiyu ni kile kifaa kidogo kilichomo ndani ya kasha, kinachofanya hesabu na kuendesha programu. Ofisi ikiandika kwamba inahitaji "sipiyu mpya", muuzaji aweza kuleta kompyuta nzima, au kifaa kinachoenea kiganjani. Twapendekeza lile la nje liitwe kasha, na kile cha ndani kiitwe kichakataji. Neno sipiyu na liachwe katika mazungumzo, lisitumike katika hati za ununuzi.

3. Vipimo vya umbo

Kiswahili hulitumia neno "urefu" kwa mambo mawili. Mti ni mrefu kwa kwenda juu, na kamba ni ndefu kwa kunyooka. Hali kadhalika, mtu ni mfupi na njia ni fupi. Katika maisha ya kawaida hakuna anayepotea, kwani kitu chenyewe hutuonyesha maana. Kadi ya michoro haituonyeshi, kwa sababu ina vipimo hivyo vyote viwili, na kila kimoja kina mpaka wake.

Kadi ya kawaida ina kimo kinachofikia milimita 111 hivi, kikipimwa kutoka upande unaochomekwa hadi ukingo wa juu. Kadi zilizokusudiwa makasha membamba zina kimo kisichozidi milimita 69 hivi. Zote mbili zaweza kuwa na urefu mmoja. Aidha, ziko kadi zenye urefu wa milimita 170 hivi tu, lakini kimo chake ni kile cha kawaida. Muuzaji akiombwa "kadi fupi", aweza kuleta kadi ya namna hii kwa nia njema kabisa, nayo isiingie katika kasha jembamba. Hapo hakuna aliyedanganya. Lugha ya maombi ndiyo iliyokuwa na tundu.

Walimu wa hisabati wamekwisha kututatulia jambo hili. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, wala hasemi "nusu ya kitako mara urefu". Neno kimo, basi, tunalo, limezoeleka, na halina mashaka. Kinachotakiwa ni kulitoa darasani na kulitia katika hati za ununuzi.

Kipimo cha tatu ni unene. Sloti, yaani nafasi za kuchomekea kadi, hupangwa kwa kuachana milimita 20 hivi, na mafundi huhesabu unene wa kadi kwa idadi ya sloti inazofunika. Kadi yenye feni kubwa hufunika sloti mbili au zaidi. Hapa tunashauri kuandika "unene wa sloti mbili" na si "upana", kwa maana baadhi ya watu huita upana kile tulichokiita kimo.

4. Nguvu ipi?

Neno la pili lenye hatari ni "nguvu". Tukisema "kadi hii ina nguvu", twaweza kuwa na maana kwamba inafanya kazi upesi, au kwamba inatumia umeme mwingi. Tukisema "kompyuta hii ina nguvu ya wati 240", msomaji hajui kama inatumia wati hizo kila wakati, au kwamba hicho ndicho kiwango cha juu inachoweza kutoa.

Tutazame kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ya kasha dogo. Kompyuta za aina hiyo zilinunuliwa kwa wingi na maofisi, na baadaye kuuzwa tena zikiwa zimetumika. Kigawa umeme chake, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kinaweza kutoa hadi wati 240. Vichakataji vingi vya kompyuta hiyo vimekadiriwa wati 77. Tukiongeza kadi ya wati 75, jumla ni wati 152, na hubaki wati 88 kwa ajili ya diski, feni na vinginevyo. Tukiweka kadi ya wati 130, hubaki wati 33 tu, na juu ya hayo kadi hiyo itadai waya wa ziada wa umeme ambao kigawa umeme hicho hakina. Sababu ni kwamba, kwa kanuni za utengenezaji, sloti yenyewe haikusudiwi kuipa kadi zaidi ya wati 75. Kinachozidi hapo lazima kipite katika waya wake.

Wala haitoshi kutaja jina la kadi. Kadi iitwayo RTX 3050, iliyotolewa mwaka 2022 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, hutumia hadi wati 130. Mwaka 2024 ilitolewa nyingine yenye jina hilo hilo na gigabaiti 6, nayo hutumia wati 70. Hata jina la kompyuta halitoshi: mwaka 2023 Dell walitoa kompyuta nyingine wakaiita OptiPlex 7010. Jina la biashara, kwa hiyo, si istilahi. Ni lazima lifuatane na mwaka na vipimo.

5. Kupoza

Umeme unaotumiwa na kadi huishia kuwa joto, na kasha dogo lina hewa kidogo. Kifaa cha kuondoa joto hilo tunakiita kipoza, kutokana na kitenzi kupoza. Wafasiri wajihadhari wasiandike "kipooza", kwani kupooza huleta fikira za maradhi ya viungo. Feni ni sehemu tu ya kipoza. Ziko kadi zenye kipoza kisicho na feni, ambazo hutegemea hewa ya kasha peke yake.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kasha: sanduku la nje la kompyuta.
Kichakataji: kifaa cha ndani kinachofanya hesabu na kuendesha programu.
Kigawa umeme: kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa sehemu za ndani.
Sloti: nafasi ya kuchomekea kadi.
Bamba: kipande cha chuma kinachoifunga kadi kwenye kasha. Kimo chake lazima kilingane na kile cha kasha.
Kimo: kipimo cha kadi kutoka upande unaochomekwa hadi ukingo wa juu.
Urefu: kipimo cha kadi kutoka kwenye bamba hadi mwisho wake.
Unene: idadi ya sloti zinazofunikwa na kadi.
Uwezo: wingi na wepesi wa kazi inayofanywa na kadi.
Matumizi ya umeme: wati zinazotumiwa na kadi.
Kiwango cha umeme: wati nyingi kabisa ambazo kigawa umeme chaweza kutoa.
Kipoza: kifaa cha kuondoa joto.

Kwa kitendo chenyewe, twapendelea "kuongeza uwezo" kuliko "kuboresha". Kitu chaweza kuboreshwa kwa kusafishwa au kutengenezwa, bali kuongeza uwezo ni kukifanya kitende ambacho hakikuweza kabla.

7. Hitimisho

Ofisa wa ununuzi anaweza sasa kuandika hivi: "Inahitajika kadi ya michoro yenye kimo kisichozidi milimita 69, pamoja na bamba la kimo hicho, unene wa sloti moja, matumizi ya umeme yasiyozidi wati 75, isiyohitaji waya wa ziada." Tarakimu zitabadilika kufuatana na kasha lililopo, na ni wajibu wa mwandishi kulifungua na kulipima kabla ya kuandika. Lakini maneno hayatabadilika. Katika sentensi hiyo hakuna neno lililobuniwa jana wala lililohitaji kikao. Tumeligawia kila neno kazi moja, na tunawaomba wafasiri na walimu watusaidie kuulinda mgawanyo huo.