Kuanza Pamoja Si Kwenda Pamoja

Kadi ya kukusanya data hugeuza volti za kihisi kuwa namba. Inahitaji kuambiwa mambo mawili: ianze kusoma lini, na isome kwa mwendo gani. La kwanza huamuliwa na ishara ya kuanzia, la pili na saa. Wengi hulishughulikia la kwanza wakadhani wamemaliza.

Chukua kadi mbili, moja ikisoma mtikisiko wa mota na nyingine umeme unaoingia humo. Waya mmoja unazipa ishara ya kuanzia, zinaanza sawia. Lakini kila moja ina saa yake ya fuwele, na fuwele hazifanani. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya dakika 60 pengo ni sekunde 0.18. Kwa sampuli 10,000 kila sekunde, kadi moja imeshaipita nyenzake sampuli 1,800, na katika pengo hilo umeme wa hezi 50 umepanda na kushuka mara tisa. Grafu itapendeza, uhusiano inaouonyesha ni wa uongo. Dawa ni kadi moja kuilisha nyingine mapigo ya saa yake. Zikiwa mbali moja na nyingine, kila moja ifuate mapigo ya kipokezi cha GPS.

Kwenye mashine inayozunguka, saa bora huenda ikawa mashine yenyewe. Mota inapoongeza kasi, masafa ya mtikisiko wake hubadilika muda wote na picha ya masafa hayo hutawanyika. Funga enkoda kwenye shafti, itoe mapigo 1,024 kwa mzunguko, na kadi ichukue sampuli moja kwa kila pigo. Mwendo uwe wa kasi au wa kobe, mzunguko mmoja ni sampuli 1,024. Gia ya meno 23 itajitokeza mara 23 kwa mzunguko, na haitahama hapo. Enkoda nyingi hutoa pia pigo moja la pekee kila mzunguko. Likiwa ndilo la kuanzia, kila kipimo huanza kwenye pembe ileile ya shafti.

Hapo kuna mtego. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kadi inachukua sampuli 51,200 kwa sekunde. Kwa 300, ni 5,120 tu. Kichujio kilichopangwa kwa ile kasi ya juu hakitazuia masafa yaliyo juu ya hezi 2,560, yaani nusu ya sampuli hizo, mota ikipunguza kasi, nayo yatajipenyeza yakijifanya masafa ya chini. Tena kadi za aina ya sigma-delta, zinazopendwa kwa vipimo vya mtikisiko, kwa kawaida hazikubali saa ya kupandapanda. Kwa hiyo mimi huona heri kusoma kwa saa ya kadi, kwa kasi kubwa, nikirekodi mapigo ya enkoda pembeni, kisha programu ipange sampuli upya kwa pembe.

Tukirudi kwenye ishara ya kuanzia, isitoke moja kwa moja kwenye swichi ya kubonyeza. Vyuma vyake hurukaruka kwa milisekunde kadhaa vinapogusana, na kadi inaweza kuhesabu kila mruko kuwa amri mpya.